"Sanaa" si uchoraji tu: kuchagua digrii ya sanaa ukiwa Mombasa, na kuisoma ikakufaa

Wiki za maombi ya vyuo zikifika, saiba za Mwembe Tayari na Majengo hufunguliwa mapema na kufungwa usiku. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huketi pembeni, mzazi husimama nyuma ya kiti, na mhudumu wa saiba ndiye anayeshika kipanya. Orodha ya kozi inateremka kwenye kioo. "Hii Bachelor of Arts, mwanao pointi zake zinafika," asema mhudumu. Mama auliza, "Arts si ndiyo sanaa? Yuaenda kusomea kuchora?" Hapana anayemjibu. Foleni ni ndefu. "Basi weka, mradi ni digrii." Robo saa imepita na miaka minne imekwisha kupangwa.

Swali la mama huyo ni la maana kuliko yote yaliyosemwa pale. Kabla ya pointi, ada na ajira, mtu anafaa ajue kitu anachokichagua ni kitu gani.

Kwa Kiswahili, sanaa ni kazi ya mkono au ya sauti inayopendeza: milango ya kuchongwa ya Mji wa Kale, taarabu, mashairi. Vyuo vilipotafsiri jina la digrii hii vilichukua neno hilohilo, na mkanganyiko ukaanzia hapo. Kwa Kilatini, neno lililozaa "arts" lilimaanisha ustadi wowote unaofundishika kwa kanuni. Huko Ulaya ya kale ustadi uliomfaa mtu huru, asiyefungwa kwenye ufundi mmoja, ulihesabiwa kuwa saba: sarufi, mantiki na balagha (ufasaha wa kusema na kuandika), kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki (elimu ya nyota). Angalia vizuri hesabu hiyo. Nne kati ya saba ni elimu za namba na vipimo, maana hata muziki ulisomwa kama elimu ya uwiano wa sauti. Kwa hiyo anayesema amechagua sanaa ili aikimbie hisabati ameanza kwa kukosea jina la anachokisoma, na baadaye tutaona kosa hilo linavyomgharimu pointi.

Mtu wa Mombasa hahitaji kwenda Ulaya kuuelewa mpangilio huu. Darsa za misikitini zimefundisha kwa mfuatano wa aina hiyohiyo kwa muda mrefu: nahau (kanuni za sentensi za Kiarabu) na sarufi kwanza, kisha balagha na mantiki, na pembeni hesabu za mirathi na ilimu ya falaki ya kujulia kibla na nyakati za sala. Mantiki ya Aristotle ilitafsiriwa kwa Kiarabu na kusomwa Baghdad, kwa hivyo mikondo miwili hii ina chemchemi moja. Na mwanafunzi wa darsa hakusoma nahau ili siku moja aajiriwe kazi ya nahau. Aliisoma ili kitabu chochote atakachokutana nacho aweze kukifungua mwenyewe.

Hiyo ndiyo elimu tunayoizungumzia. Wako wanaoiita elimu huria, lakini jina hilo linamchanganya msomaji na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako "huria" ina maana ya kusoma kwa masafa. Humu tutaiita elimu pana.

Marekani wanaipanga vipi, na sisi tunaipanga vipi

Katika vyuo vya elimu pana vya Marekani, mwanafunzi huingia chuoni bila kufungwa na kozi moja. Digrii ni miaka minne na kwa kawaida hufika kredi 120 hivi. Sehemu ya kwanza ya kredi hizo hutawanywa kwa lazima: uandishi, hisabati, sayansi ya maabara, lugha, historia. Fani kuu anaitangaza kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Kwa mpango kama huo mshauri wa masomo ana kazi tangu wiki ya kwanza, kwa sababu bila yeye mwanafunzi anaweza kuzunguka miaka miwili akiokota kozi zisizojenga kitu. Barani Afrika wapo walioujaribu mpango wa karibu na huo: Ashesi ya Ghana, iliyoanzishwa 2002, huwapitisha wanafunzi wa kompyuta na wa biashara katika masomo ya msingi ya uandishi, falsafa na uongozi.

Kenya ni kinyume. Hapa kozi unaichagua kabla hujakiona chuo. Serikali, kupitia KUCCPS, idara ya kupanga wanafunzi vyuoni iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, inakupanga moja kwa moja katika digrii yenye jina lake, na siku ya kwanza darasani wewe ni mtu wa uhandisi au wa ualimu au wa sosholojia. Upana uliobaki ni yuniti (masomo ya muhula mmoja mmoja) chache za pamoja za mwaka wa kwanza: stadi za mawasiliano, masuala ya maendeleo, mara nyingine falsafa ya kufikiri. Wanafunzi wengi huzikalia kama mzigo, na walimu wengine huzifundisha hivyohivyo, darasa la watu mia tatu na kipaza sauti.

Matokeo yake, ushauri wa masomo kwetu huangukia mahali pabaya. Ulihitajika shuleni kabla ya kuchagua. Unakuja chuoni baada ya kuchagua, tena mara nyingi unakuja wakati tayari kuna tatizo. Tunachokiona kuwa muhimu kuliko lolote ni hiki: digrii ya sanaa peke yake si mtaji wala si hasara. Ni ganda. Kinachoipa thamani ni yuniti zilizomo ndani, na yuniti ni jambo ambalo mwanafunzi ana uwezo nalo, mradi ajue pa kuangalia.

Pointi za klasta, na somo moja la sayansi

Anza na hesabu, kwa sababu ndiyo inayofungua mlango. Kiwango cha chini cha kuingia digrii ni C+ ya jumla katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Tangu mtihani wa 2023, gredi hiyo hupatikana kwa kuchukua Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Jumla ya juu kabisa ni pointi 84. Lakini gredi ya jumla haikupeleki kwenye kozi. Kozi inatazama klasta: masomo manne yanayohusiana nayo, yenye jumla ya juu ya pointi 48.

Kanuni iliyozoeleka shuleni kwa kukadiria ni hii: chukua pointi za masomo manne ugawe kwa 48, chukua pointi zako za jumla ugawe kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Pointi rasmi ni zile zinazoonekana ndani ya akaunti yako ya KUCCPS, na hizo ndizo za kufuata. Kanuni hii inakusaidia kuona kinachozisukuma.

Chukua kijana mwenye Kiswahili B+ (10), Elimu ya Kiislamu B+ (10), Historia B (9), Jiografia B- (8), Biolojia C- (5), Kiingereza C- (5) na Hisabati D- (2). Jumla ni 49, yaani C+ kamili. Masomo yake ya jamii ni mazuri, na nyumbani wote wamesema huyu ni mtu wa sanaa. Sasa tazama klasta ya kozi nyingi za sayansi ya jamii: inataka lugha moja, Hisabati au somo moja la sayansi, somo moja la jamii, na la nne la kuchagua. Jiografia haiwezi kukaa kwenye kiti cha sayansi. Anayekaa pale ni Biolojia yenye 5. Masomo yake manne yanakuwa 10, 5, 10 na 9, jumla 34, na hesabu inatoa takriban pointi 30.9.

Angepata Biolojia B- (8) na mengine yote yakabaki vilevile, klasta ingekuwa 37, jumla 52, gredi bado ni C+ ileile, lakini pointi zingefika takriban 33.2. Zaidi ya pointi mbili, kwa somo ambalo aliambiwa halimhusu. Katika kozi zinazogombaniwa, pointi mbili zinatosha kumtoa mtu nje. Mwalimu wa ushauri anayemwachia mtoto wa kidato cha pili azipuuze sayansi "kwa sababu yeye ni wa sanaa" anamfungia mlango miaka miwili kabla hajaufikia.

Jambo jingine linalowapotosha watu wa saiba ni pointi za mwisho za mwaka uliopita. Hicho si kiwango kilichowekwa na chuo. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule. Mwaka huu wakiomba wengi zaidi kitapanda, wakiomba wachache kitashuka. Mwenye pointi 30.9 akijaza nafasi zake zote kwa kozi zilizofungwa kwenye 31 anacheza bahati nasibu. Achanganye: moja au mbili za juu kidogo, kadhaa za kiwango chake, na moja ambayo mwaka jana ilifungwa chini yake wazi, tena iwe kozi ambayo akipewa ataisoma.

Halafu fedha. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unagawa gharama kati ya msaada wa serikali, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na mchango wa familia, kwa kupima uwezo wa nyumba. Kiasi kinategemea pia bei ya kozi yenyewe. Mkopo una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na unatarajiwa kuanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Hayo yasemwe mezani pamoja na mzazi kabla ya kubofya, si siku ya kuripoti chuoni.

Ndani ya chuo: karatasi ambayo watu hawaiombi

Ukishapokelewa, iwe ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi au kampasi za vyuo vya bara zilizoko mjini, karatasi ya kwanza kuitafuta ni mpangilio kamili wa kozi: yuniti zote za miaka minne, misimbo yake, za lazima ni zipi, za hiari ni zipi, na ipi lazima itangulie ipi. Iko kwa mwenyekiti wa idara. Wanafunzi wengi hawaioni mpaka mwaka wa tatu. Wanajisajili muhula kwa muhula kwa kufuata ujumbe wa WhatsApp wa mwakilishi wa darasa, na hapo ndipo mambo huharibika kimyakimya.

Mfano unaoumiza kuliko yote ni wa ualimu. Mtu mwenye digrii ya sanaa isiyo ya ualimu anaweza kusajiliwa na TSC, tume ya walimu, kuwa mwalimu wa sekondari akiongeza diploma ya uzamili ya elimu, lakini tume inataka masomo mawili ya kufundishia, C+ katika kila moja kwenye KCSE, na angalau yuniti nane za kila somo katika digrii. Sasa fikiria mwanafunzi aliyesoma Kiswahili na Historia. Mwaka wa tatu alipoachiwa achague, alichukua yuniti mbili za sosholojia kwa sababu mhadhiri wake hutoa alama vizuri. Amemaliza na yuniti kumi na moja za Kiswahili na sita za Historia. Digrii yake ni halali, alama zake ni nzuri, na kufundisha hawezi. Yuniti mbili zilizokosekana zingemgharimu saa chache kwa wiki kwa muhula mmoja. Kuzirudia baada ya mahafali ni ada mpya na mwaka mwingine. Tena ahesabu kwa msimbo, asihesabu kwa jina: yuniti ya historia ya siasa iliyosajiliwa chini ya idara ya sayansi ya siasa huweza isihesabiwe kuwa Historia.

Sheria nayo ina sharti lake. Anayetaka kuwa wakili huanza na digrii ya sheria, na huko pamoja na C+ ya jumla wanatazama B katika Kiingereza au Kiswahili. Hapa watoto wa Pwani wana nafasi ambayo hawaambiwi. Wengi wana B ya Kiswahili na zaidi, na wanadhani haina kazi.

Kuhusu alama, vyuo vingi vyetu vinafuata mgawo wa 30 kwa majaribio na kazi za muhula, 70 kwa mtihani. Kufaulu ni 40. Daraja la kwanza ni 70 kwenda juu, la pili juu ni 60 hadi 69, la pili chini ni 50 hadi 59. Mwenye nia ya uzamili alenge 60, kwa sababu chini ya hapo vyuo vingi vitamtaka aonyeshe uzoefu wa kazi kwanza. Thelathini za muhula ndizo za kulinda. Mwenye 24 katika 30 anahitaji 36 tu katika 70 afike 60. Mwenye 12 anahitaji 48. Mara nyingi tofauti ya hao wawili ni insha moja iliyopelekwa kwa wakati.

Alama kupotea ni janga linalojulikana katika vyuo vingi, na sababu zake zinarudi zilezile. Mwanafunzi hakujisajili yuniti kwenye mfumo kabla ya mwisho wa usajili, akafanya mtihani jina halimo. Au kazi ya kikundi ilipelekwa na jina lake halikuandikwa. Au alifanya mtihani bila kadi kwa sababu ya salio la ada, akaahidiwa "tutarekebisha." Au hakutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio ndani ya chumba cha mtihani. Kinga yake ni ya kawaida sana: piga picha ukurasa wa usajili siku unapojisajili, weka kadi zote za mitihani, na kazi zilizosahihishwa usizitupe mpaka umeshika transkripti. Ukiona pengo, nenda kwa mhadhiri muhula uleule. Baada ya miaka miwili mhadhiri amehama na karatasi zimechomwa.

Na kama kozi uliyopewa kweli haikufai, kuhama kupo. Ndani ya chuo kilekile unaomba kwa msajili wiki za mwanzo; kutoka chuo kimoja kwenda kingine unapitia KUCCPS katika kipindi walichotangaza. Njia zote mbili zinadai pointi zako za klasta zifikie za kozi unayoitaka kwa mwaka wako. Wengi huomba kuhama muhula wa pili, wakiwa wamekwisha kosa wiki kumi na nne za kozi mpya. Amua ndani ya mwezi wa kwanza.

Inafaa nini basi

Wazazi huuliza swali hili kwa hasira kidogo, na wana haki. Ada imetoka kwenye duka, kwenye ngalawa, kwenye zamu za bandarini. Jibu la "inapanua akili" halimtoshi mtu aliyeuza kiwanja.

Tutazame kitu kimoja kwa karibu. Kuna faili ya mgogoro wa ardhi, Kisauni au Likoni, kama zilivyo nyingi huku. Ndani mna hatimiliki iliyochakaa, barua mbili za Kiingereza, risiti za kodi ya ardhi, na maelezo ya mzee yaliyoandikwa kwa mkono. Karani wa kawaida atazipanga kwa tarehe. Aliyesoma historia ya Pwani sawasawa ataanza na sheria iliyozaa hatimiliki hiyo. Anajua kwamba mwambao wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ukiendeshwa na Waingereza tangu 1895, kwamba sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi ya mwambao wapeleke madai yao, na kwamba ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Kwa hiyo anauliza swali ambalo halimo kwenye faili: siku zile za kudai, nani hakwenda, na kwa nini? Hapo ndipo inapoanzia habari ya watu walioitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Aliyesoma isimu ya Kiswahili anayasoma maelezo ya mzee na kuona kwamba neno lililotafsiriwa kuwa "aliuza" halikuwa kuuza, alisema "nalimpa akae." Kesi nzima inaweza kusimama juu ya kitenzi hicho.

Baada ya hapo mtu huyo lazima aandike kurasa mbili ambazo wakili au afisa wa kaunti atazielewa kwa dakika tano. Kuchambua chanzo, kupima neno, kuuliza nani hakuhesabiwa, na kuandika kwa ufupi: ndiyo kazi inayofundishwa na elimu pana ikifundishwa vizuri. Inahitajika mahakamani, katika makumbusho ya Fort Jesus, katika ofisi za kaunti, katika vyumba vya habari, katika mashirika ya kijamii, na bandarini pia, ambako barua moja iliyoandikwa vibaya kuhusu kontena lililokwama inaongeza gharama kila siku inayopita.

Mombasa yenyewe ina ushahidi wake. Ali Mazrui alizaliwa hapa 1933. Cheti chake cha sekondari kilikuwa cha daraja la chini, na kabla ya kwenda Uingereza alifanya kazi katika taasisi ya elimu ya Waislamu pale Tudor, ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi. Alipata digrii ya kwanza Manchester 1960, uzamili Columbia, uzamivu Oxford 1966, akawa profesa wa sayansi ya siasa Makerere. Hatusemi kila mtu atafuata njia yake. Tunasema alichokibeba kutoka nyumbani kwao, lugha, hoja na mabishano ya kielimu, ndicho alichokwenda kukinoa.

Sasa upande wa pili, tena bila kuficha. Tangazo la kazi linaloomba "mhitimu wa sanaa" hutalikuta. Matangazo yanaomba mtu wa kuandika maombi ya ufadhili, wa kukusanya na kuchambua takwimu, wa kutafsiri, wa kusimamia mradi. Anayemaliza na digrii bila kitu cha kuonyesha atasubiri sana. Kwa hiyo mwanafunzi wa sanaa aongeze ujuzi mmoja unaopimika, na auanze mwaka wa pili asingoje wa nne. Takwimu ndizo tunazozipa kipaumbele: yuniti moja au mbili, na uwezo wa kutumia lahajedwali kikamilifu. Anayetaka bandari aulizie mapema cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha na mizigo. Wa utalii aongeze lugha ya kigeni hadi awe na cheti cha kiwango kinachotambulika, si yuniti mbili za kusalimiana.

Na utafiti wa mwaka wa nne usitupwe kwa mada ya kunakili. Chukua jambo lililo mbele ya macho, lenye data unayoweza kuifikia kwa miguu: lugha ya matangazo kwenye kivuko cha Likoni, majina ya mitaa ya Mji wa Kale na yalivyobadilika, jinsi vyama vya akina mama vya kuweka na kukopa vinavyoandika kumbukumbu zao. Kurasa arobaini za namna hiyo zinasomeka na mwajiri. "Athari za utandawazi kwa vijana" hazisomeki na mtu.

Kuna wasiofaa kwenda huko kabisa. Mwenye C+ ya kusukumwa, anayependa kazi ya mikono, na ambaye Bachelor of Arts ni jina tu la kumfurahisha mjomba, atafika mbali zaidi kwa diploma ya umeme, mitambo au ubaharia. Diploma huanzia C-, na akitaka digrii baadaye njia ya kupanda ipo. Kumsukuma kwenye sanaa kwa sababu ndiyo digrii iliyobaki ni kuidharau sanaa na kumdhulumu yeye.

Unapokwenda kwa mshauri wa masomo, nenda na karatasi tatu: matokeo yako, mpangilio wa kozi, na matangazo mawili ya kazi unazozitamani hata kama ni za miaka mitano ijayo. Usiulize "kozi gani ina soko." Uliza ni yuniti zipi katika mpangilio huu zinagusa mahitaji ya matangazo haya, zipi hazipo na nitazipata wapi, na waliomaliza idara hii miaka mitatu iliyopita wako wapi kwa majina ya kazi zao. Mshauri asiyeweza kujibu hilo la mwisho mwombe akuunganishe na wahitimu wawili. Andika mliyokubaliana, weka tarehe, mrudie kabla ya usajili wa muhula unaofuata.

Kwa wenye watoto wadogo, uamuzi huu umesogea. Katika mtaala wa umilisi, mtoto anachagua njia akiwa Gredi ya 9: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza limeingia Gredi ya 10 Januari 2026 na linatarajiwa vyuoni 2029. Kila mwanafunzi atakuwa na masomo saba. Manne ni ya wote: Kiingereza, Kiswahili au lugha ya ishara, hisabati, na huduma kwa jamii. Hisabati ina ngazi mbili: ile kamili kwa wa sayansi, na ya msingi kwa wengine. Mtoto wa sayansi ya jamii anayeiweza ile kamili, na shule yake ikaruhusu, aichukue. Kabla hamjajaza fomu, nendeni shuleni mkaulize kwa maandishi masomo gani ya hiari yana mwalimu aliyeko darasani mwaka huu, kwa sababu jina la somo kwenye orodha haliwezi kumfundisha mtu.